Upigaji picha wa michezo ya usiku kwa flashi

Upigaji picha wa michezo ya usiku kwa flashi ni utumiaji wa taa ya kamera inayotoa mweko mfupi na mkali ili kupata picha za wachezaji wakati mwanga wa jua umekwisha au taa za uwanja hazitoshi. Flashi yaweza kuwa ndani ya kamera yenyewe, kuchomekwa juu yake, au kusimamishwa mbali nayo na kuwashwa kwa mawimbi ya redio.

Matumizi yake hutegemea sana aina ya uwanja. Uwanja wa Benjamin Mkapa jijini Dar es Salaam, uliofunguliwa mwaka 2007 na wenye nafasi ya watazamaji 60,000, una taa zinazotosha hata kwa matangazo ya televisheni. Mechi ya ufunguzi wa mashindano ya CHAN, ambapo Tanzania iliifunga Burkina Faso mabao 2-0 tarehe 2 Agosti 2025, ilichezwa hapo usiku. Mahali kama hapo mpiga picha hana haja ya flashi, na kwa kawaida haruhusiwi kuitumia. Uwanja wa Azam ulioko Chamazi nao una taa. Lakini ukifuata barabara ya kaskazini kupitia Bunju na Mapinga hadi Bagamoyo, viwanja vingi vya mitaa na vya shule havina taa hata moja.

Tatizo la magharibi

Bagamoyo iko karibu na latitudo ya 6 kusini mwa ikweta. Jua huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni mwaka mzima, na baada ya hapo giza huingia kwa muda wa nusu saa hivi, si polepole kama katika nchi za Ulaya. Mechi iliyoanza saa 10:00 jioni, ikiwa na mapumziko ya dakika 15 na muda wa nyongeza kidogo, humalizika karibu saa 11:50. Ikiwa ni mechi ya mtoano na timu zimetoka sare, penalti hupigwa jua likizama. Kwa hiyo tukio ambalo kila mtu atataka picha yake ndilo hutokea wakati mwanga ni mdogo kuliko wote. Klabu ndogo mara nyingi haina kumbukumbu nyingine ya ubingwa wake isipokuwa picha hizo, maana hakuna kamera ya televisheni iliyokuwapo.

Umbali na nguvu ya mwanga

Mwanga wa flashi hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali. Mchezaji aliye mita 10 hupata robo tu ya mwanga anaoupata aliye mita 5, na aliye mita 20 hupata sehemu moja ya 16. Hii ndiyo sababu mchezaji wa mbele huonekana mweupe kupita kiasi huku mwenzake wa nyuma akimezwa na giza.

Nguvu ya flashi huelezwa kwa namba inayoandikwa na mtengenezaji. Namba hiyo ikigawanywa kwa namba ya tundu la lenzi, jibu ni umbali wa mita ambao flashi inaweza kuangaza vizuri kwa ISO 100. Mfano: flashi yenye namba 40 na tundu la f/4 hufika mita 10. ISO ikipandishwa hadi 1600, umbali huzidishwa mara 4, yaani mita 40. Flashi ndogo iliyojengwa ndani ya kamera, yenye namba 12 hivi, hufika mita 3 tu kwa ISO 100 na mita 12 kwa ISO 1600. Uwanja wa mpira wa miguu wa kimataifa una urefu wa mita 100 hadi 110, kwa hiyo flashi ya namna hiyo haina msaada kwa mchezo ulio katikati ya uwanja. Taa ya simu ni dhaifu zaidi. Mamia ya simu zinazomulika kutoka jukwaani haziangazi chochote ila visogo vya watu waliokaa mbele.

Penalti ni afadhali, kwa kuwa alama yake iko mita 11 tu kutoka golini. Michezo ya viwanja vidogo pia hufaa: uwanja wa mpira wa kikapu ni mita 28 kwa 15, na wa netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25.

Shata na mweko

Shata ya kamera nyingi kubwa ina mapazia mawili. Kwa kasi kubwa, pazia la pili huanza kufunga kabla la kwanza halijamaliza kufungua, na mwanga hupita kwenye ufa mwembamba tu. Flashi ikiwaka wakati huo, sehemu ya picha hutoka nyeusi. Ndiyo maana kamera nyingi huwekewa kikomo cha 1/200 au 1/250 ya sekunde zinapotumia flashi. Baadhi ya flashi huweza kuvuka kikomo hicho kwa kutoa mimweko mingi midogo mfululizo, lakini hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake.

Kasi ya 1/250 peke yake haitoshi kumgandisha mchezaji anayekimbia. Kinachomgandisha ni mweko wenyewe, ambao hudumu karibu 1/1000 ya sekunde, na hufikia 1/10000 na zaidi flashi inapowekwa kwenye nguvu ndogo. Msingi wa mbinu hii uliimarishwa na Harold Edgerton wa Marekani, aliyeendeleza flashi ya umeme katika miaka ya 1930. Kabla yake wapiga picha walichoma unga wa magnesi, kazi ya hatari, kisha wakatumia balbu zilizowaka mara moja na kutupwa.

Palipo na mwanga mwingine, kwa mfano taa za jenereta, picha yaweza kuwa na miili miwili: mmoja mkali uliochorwa na flashi na mwingine hafifu kama kivuli kinachofuata mguu. Dawa yake ni kupunguza mwanga wa taa usiingie kwenye kamera, au kuamuru flashi iwake mwishoni mwa muda wa shata ili kivuli kibaki nyuma ya mchezaji badala ya kumtangulia. Zaidi ya hayo, umeme wa Tanzania ni wa hezi 50, na taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kwa shata ya 1/500 picha mbili zinazofuatana hutofautiana kwa mwangaza na rangi, na mpiga picha asiyejua sababu hudhani kamera imeharibika.

Giza la nyuma hudanganya pia kipimo cha flashi ya kujiendesha yenyewe. Kamera huona weusi mwingi, ikaongeza nguvu, na jezi nyeupe ikapoteza namba yake huku paji la uso lenye jasho likimetameta. Hapo flashi hupunguzwa kwa mkono.

Usalama wa wachezaji

Mweko katika macho yaliyozoea giza huacha doa linaloelea machoni kwa sekunde kadhaa. Kwa golikipa anayesubiri penalti, au mchezaji anayeruka kichwa, hizo ni sekunde za kufungwa au kugongana. Mpiga picha aliyekaa kando ya goli humlenga mpigaji. Aliyesimama nyuma ya mpigaji humlenga golikipa. Njia iliyo salama ni kupiga kutoka ubavuni, na kungoja mpira uondoke mguuni. Picha za kushangilia hazina hatari hiyo na mara nyingi ndizo bora. Kumwarifu mwamuzi kabla ya mechi huondoa ugomvi. Katika sarakasi, ambayo huonyeshwa sana Bagamoyo, flashi ni hatari zaidi kwa sababu mtu aliye juu ya mabega ya wenzake huhitaji macho ili kubaki wima.

Hali ya pwani

Vumbi la uwanja, matone ya mvua za masika na wadudu wanaozunguka taa hurudisha mwanga kwenye lenzi na kuonekana kama madoa meupe. Flashi ikisogezwa mbali na kamera, hata kwa urefu wa mkono, madoa hupungua, na macho mekundu pia. Upepo wa bahari hubeba chumvi inayokula viunganishi vya betri, kwa hiyo betri hutolewa na viunganishi hufutwa kwa kitambaa kikavu kila baada ya kazi.

Mchezo wa bao barazani ni suala jingine. Wachezaji wako karibu, na mwanga huweza kuelekezwa juu ili urudi kwa ulaini. Dari nyeupe hufaa. Makuti hunyonya mwanga wote, na hapo ukuta uliopakwa chokaa, au hata kanzu nyeupe ya mtazamaji, hurudisha mwanga vizuri zaidi.