Kiasi na Kukisia

Neno kiasi, tulilolipokea kwa Waarabu, ni ndugu wa damu wa kitenzi kukisia, kwa kuwa yote mawili yatokana na shina moja lenye maana ya kupima. Ila sisi, kwa mazoea ya ulimi wetu, kiasi tumekipa mizani na kukisia tumekuachia dhana. Undugu huo sijauona ukidhihirika popote kama katika simu ya kizazi cha tatu, ambayo, ikitaka kusema na mnara, kwanza hukisia nguvu ngapi zimepotea njiani, ikabisha hodi kwa upole. Kisha mnara, baada ya kuipokea, huipimia kiasi chake, ukiiamuru ipandishe au ishushe nguvu mara 1,500 kwa sekunde. Simu zote hutumia masafa yale yale kwa wakati mmoja, na lau iliyo chini ya mnara ingepaza sauti kama iliyo ng'ambo ya kilima, ya mbali isingesikika asilani, na betri ingeteketea bure. Watu huandika “udhibiti wa nguvu”, msemo sahihi lakini, kwa sikio langu, wenye harufu ya askari. Mimi ningesema “nguvu kwa kiasi”, kama mpishi asemavyo juu ya chumvi.