Kwanta za nuru: ushahidi na subira
Kwanta ya nuru, au fotoni, ni fungu dogo la nishati lililopendekezwa na Albert Einstein mwaka 1905. Mwaka 1916 Robert Millikan alipima elektroni zinazotolewa na nuru katika metali. Akathibitisha hesabu ya Einstein, lakini hakuikubali nadharia yake. Jaribio la Arthur Compton, mwaka 1923, liliwashawishi wengi. Mabishano yaliendelea hata hivyo, kwani athari ile ya metali yaweza kuelezwa pia kwa mawimbi. Mwaka 1986, lilipoundwa Jimbo letu la Mbinga, jaribio la Ufaransa lilionyesha fotoni moja ikichagua njia moja, bila kugawanyika. Tutazamapo jua likizama Ziwa Nyasa, tukumbuke: ukweli hauogopi kuulizwa.