Kadi ya ukaazi ya mwenzi wa raia wa Umoja wa Ulaya

Kadi ya ukaazi ya mwenzi wa raia wa Umoja wa Ulaya ni hati anayopewa mume au mke asiye raia wa Umoja huo anapoishi na mwenzi wake katika nchi mwanachama ambayo si nchi ya mwenzi huyo. Msingi wake ni Agizo 2004/38/EC la tarehe 29 Aprili 2004, ambalo nchi wanachama zilitakiwa kuliingiza katika sheria zao kufikia 30 Aprili 2006. Iceland, Norway na Liechtenstein zinalifuata pia, na Uswisi ina mkataba wake. Uingereza ilijitoa Januari 2020, na mfumo huu ukakoma kutumika huko mwisho wa mwaka huohuo. Makala haya yanaitazama kadi kwa upande wa Mtanzania, hasa yule ambaye vyeti vyake vimetoka wilayani, kama vile Namanyere, makao makuu ya Wilaya ya Nkasi mkoani Rukwa.

Nani anahusika

Kosa kubwa la waombaji ni kudhani kwamba kila aliyeolewa na Mzungu yumo katika sheria moja. Mwanamke wa Nkasi aliyeolewa na Mjerumani, wakaishi Ufaransa ambako mume anafanya kazi, analindwa na Agizo. Mwanamke huyohuyo akitoka Tanzania moja kwa moja kwenda kuishi na mumewe Ujerumani halindwi nalo, kwa sababu mume yuko kwao na hajahamia popote. Hapo inatawala sheria ya Kijerumani ya wageni. Kwa kawaida inadai mtihani wa Kijerumani wa ngazi ya A1 hata kabla ya viza, na kwa aliyeko Tanzania mtihani huo maana yake ni safari ya Taasisi ya Goethe, Dar es Salaam. Kibali cha huko kina masharti yake na muda wake, na mwenzi wa Mjerumani anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitatu. Kwa hiyo ushauri wa shoga aliyeko Lyon unaweza usimfae hata kidogo aliyeko Hamburg, ingawa wote wameolewa na Wajerumani.

Upo mlango wa kando. Katika kesi ya Singh ya mwaka 1992, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba raia aliyekwenda kufanya kazi nchi nyingine mwanachama, kisha akarudi kwao, anarudi na mwenzi wake chini ya sheria ya Umoja. Makazi ya huko sharti yawe ya kweli. Likizo ya wiki chache haihesabiwi.

Muda wa kadi na kuihuisha

Kadi hudumu miaka mitano, au pungufu ikiwa raia mwenyewe anatarajia kukaa kwa muda mfupi zaidi. Ombi likipokelewa, mwombaji hupewa papo hapo cheti cha kuthibitisha kwamba ameomba, na kadi yenyewe inatakiwa itoke ndani ya miezi sita. Ada haiwezi kuzidi ile wanayotozwa wenyeji kwa hati ya namna hiyo. Tangu 2 Agosti 2021 kadi mpya hutolewa kwa umbo moja katika nchi zote, badala ya vikaratasi vya kila nchi vilivyokuwa vikiwatatiza maofisa wa viwanja vya ndege.

Jambo ambalo wengi hawaelezwi ni kwamba, kwa aliyekaa na mwenzi wake mfululizo, kadi ya miaka mitano haihitaji kuhuishwa. Haki ya ukaazi wa kudumu huzaliwa baada ya miaka mitano ya kuishi kihalali na raia huyo nchini humo, na hesabu huanzia siku makazi yalipoanza. Kwa kuwa kadi hutoka wiki au miezi baadaye, siku inapokwisha miaka mitano imekwisha kutimia. Kinachotakiwa ni kuomba kadi ya ukaazi wa kudumu kabla ya ile ya kwanza kuisha. Hiyo huhuishwa yenyewe kila baada ya miaka kumi. Aliyechelewa anaweza kutozwa faini ya kiasi, lakini haki yake haifutiki. Kadi inathibitisha haki, haiizai, na ofisa anayemwambia mtu kwamba hana haki ya kufanya kazi kwa sababu tu kadi bado haijatoka amekosea sheria.

Kuhuisha hasa kunawahusu wale waliopewa kadi ya muda mfupi, na wale ambao mfululizo wao umekatika. Safari zisizozidi miezi sita kwa mwaka hazikati mfululizo. Inaruhusiwa pia safari moja ya hadi miezi kumi na miwili kwa sababu nzito kama uzazi, ugonjwa mkubwa au masomo. Anayerudi Nkasi kumuuguza mama na kukaa miezi minane atunze karatasi za hospitali, maana maneno matupu hayatamsaidia huko dirishani.

Ndoa ikiyumba

Mwaka 1985 mahakama hiyohiyo ilitoa hukumu katika kesi ya Diatta, mwanamke wa Senegal aliyeolewa na Mfaransa wakaishi Berlin. Walikuwa wametengana, kila mmoja ana makazi yake, na mamlaka ikamnyima kibali. Mahakama ilisema ndoa haijavunjika mpaka mamlaka husika iivunje, na wanandoa si lazima walale chini ya paa moja. Hukumu hiyo bado ni ngao ya wengi.

Talaka ikitoka, mwenzi hubaki na haki ikiwa ndoa ilidumu angalau miaka mitatu kabla ya shauri kufunguliwa, mmoja kati ya hiyo ukiwa katika nchi husika. Asiyefikisha muda huo anaweza kubaki kwa sababu ya malezi ya watoto au ukatili wa nyumbani. Mjane hubaki ikiwa aliishi nchini humo kama mwanafamilia angalau mwaka mmoja kabla ya kifo. Lakini ili kupata ukaazi wa kudumu, wote hawa hutakiwa waonyeshe kwamba wanafanya kazi au wanajimudu wenyewe.

Karatasi za nyumbani

Agizo linataka vitu vichache: pasipoti hai, cheti cha ndoa, na uthibitisho wa ukaazi wa raia. Vichache, lakini ndivyo vinavyochelewesha watu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya kimila, na Nkasi zipo nyingi ambazo hazijawahi kuandikishwa popote. Ni ndoa halali, ila ofisi ya Ulaya inataka cheti. Wilayani, kazi za RITA, wakala wa serikali wa usajili, hufanyikia ofisi ya Mkuu wa Wilaya. Afadhali aliyeko Namanyere aandikishe ndoa mapema kuliko kutuma ndugu baada ya miaka mingi, wakati mashahidi wamehama au wamefariki. Jina nalo liwe moja katika cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, cheti cha ndoa na pasipoti. Herufi moja iliyopotea katika jina la baba hudai hati ya kiapo, kisha tafsiri ya mfasiri aliyeapishwa. Pasipoti ya Tanzania hudumu miaka kumi na huhuishwa kupitia balozi, zikiwemo za Berlin, Brussels, Paris, Roma, Stockholm na The Hague.

Kwa nini si uraia

Mkenya na Mganda wanaweza kuchukua uraia wa pili na kuachana na kadi. Mtanzania mtu mzima anayechukua uraia mwingine kwa hiari hupoteza wa kwao, na kwa kawaida asiye raia hamilikishwi ardhi Tanzania isipokuwa kwa uwekezaji. Kwa mwenye shamba la urithi Chala au Kirando, wilayani Nkasi, ukaazi wa kudumu ndio unaomwezesha kuishi Ulaya bila kuacha cha kwao. Upande wa pili hauna usawa: Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mke wa kigeni wa Mtanzania nafasi ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa, ila mume wa kigeni wa Mtanzania hana nafasi hiyo, hupitia tajnisi ya kawaida.

Ukaazi wa kudumu una sharti moja: hupotea mwenye nao akikaa nje ya nchi iliyompa kwa zaidi ya miaka miwili mfululizo, hata kama tarehe ya kadi bado haijafika.