Kuchagua teknolojia ya mafunzo ya masafa kwa wafanyakazi wa uchukuzi na forodha

Mafunzo ya masafa ni utaratibu unaomwezesha mfanyakazi kujifunza akiwa kituoni kwake huku mwalimu akiwa mahali pengine. Kampuni ya uchukuzi ambayo karani wake yuko Kampala, msimamizi wa mizigo yuko Mombasa na dereva yuko njiani kuelekea Kigali haiwezi kuwakusanya wote ukumbini bila kusimamisha kazi.

Umuhimu wa mafunzo haya umeongezeka tangu mwaka 2014, nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilipoanza kutekeleza Himaya Moja ya Forodha. Katika utaratibu huo, ushuru hulipwa katika nchi unakokwenda mzigo kabla haujaondoka bandarini. Hivyo kosa la karani wa Kampala katika tamko la forodha huweza kulaza kontena Mombasa, na gharama za hifadhi zikazidi kupanda. Aidha, Sheria ya Jumuiya ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016 imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari pamoja na mzigo wake. Dereva asiyejua kugawa mzigo kwenye ekseli anaweza kukwama mizani hata kama uzito wa jumla haujazidi.

Kampuni nyingi hukosea kwa kununua mfumo kwanza, kisha kutafuta wa kumfundisha. Ni vyema kuanza na maswali manne.

1. Nani anafundishwa, na ana kifaa gani?

Karani anakaa mbele ya kompyuta. Anafaa mfumo wa masomo unaohifadhi maelezo, majaribio na rekodi ya alama, kama vile Moodle, uliotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002. Programu hiyo ni ya bure, lakini seva na fundi wa kuisimamia hulipiwa. Dereva ana simu ya mkononi tu. Anafaa masomo mafupi ya sauti na picha yanayotumwa kwa WhatsApp, au yaliyopakiwa kwenye simu kabla ya safari. Masomo hayo ni ya kusikilizwa kwenye kituo cha mapumziko, kamwe si akiwa kwenye usukani.

2. Intaneti itagharimu kiasi gani?

Waya wa baharini wa SEACOM ulipofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, utegemezi wa setilaiti ulianza kupungua. Hata hivyo, njiani bado kuna maeneo yasiyo na mtandao mzuri, na dereva akivuka mpaka huenda akalazimika kubadili laini.

Hesabu yake ni rahisi: kila kilobiti 100 kwa sekunde hutumia megabaiti 45 kwa saa. Darasa la sauti la kilobiti 64 hutumia takriban megabaiti 29 kwa saa, na la video la kilobiti 600 hutumia 270. Kwa madereva 20, saa moja ya video ni gigabaiti 5.4, wakati sauti haifiki megabaiti 600. Kampuni ndiyo inayopaswa kulipia bando. Ikimwachia dereva, somo halitafunguliwa.

3. Je, ni lazima wote wawepo kwa wakati mmoja?

Darasa la moja kwa moja linafaa kwa maswali na kwa mabadiliko ya ghafla ya kanuni. Toleo la Zoom lisilolipiwa hukata kikao baada ya dakika 40. Pia saa za nchi hutofautiana: saa 2 asubuhi Nairobi ni saa 1 asubuhi Kigali na Bujumbura. Kwa watu wa zamu na wa safari, somo lililorekodiwa ni bora zaidi.

4. Nani atatambua cheti?

Somo la ndani ya kampuni halihitaji cheti. Lakini kwa wakala wa forodha, kabla ya kulipa ada ni lazima kuuliza mamlaka ya mapato kama cheti hicho kinatambuliwa. Kinachojulikana katika kanda ni EACFFPC, kinachoendeshwa kwa pamoja na Jumuiya, mamlaka za mapato na vyama vya mawakala vilivyo chini ya FEAFFA.

Uzoefu upo. Mwaka 2005 shirika la AMREF na Baraza la Wauguzi la Kenya walianza kuwapandisha wauguzi kutoka cheti hadi stashahada kwa masomo ya kompyuta, wakiendelea na kazi. Wauguzi hao hawakuachiwa kompyuta pekee. Walipata pia mafunzo ya vitendo. Wachukuzi nao wazingatie hilo: kufunga turubai, kukaza minyororo na kuzima moto hufundishwa uwanjani.

Kabla ya kusaini mkataba wa mwaka mzima, kampuni ijaribu somo moja katika kituo kimoja kwa mwezi mmoja. Ihesabu matamko yaliyorudishwa na magari yaliyokamatwa mizani kabla na baada ya somo. Idadi hizo zisipopungua, tatizo linaweza kuwa somo lenyewe, na mfumo wa bei kubwa zaidi hautalitatua.