Nani Alichora Mtaa Wetu?

Neno Kisenyi ni la Kiganda. Maana yake ni bondeni, mahali pa tope na maji, na jina limeupata mtaa sawasawa. Mvua ikinyesha Kampala, maji yanashuka kutoka Old Kampala, Mengo na Nakasero, yanatafuta mfereji wa Nakivubo, na njiani yanapita kwetu. Mtu anayekaa juu Nakasero anaweza kulala usiku kucha bila kujua mvua hiyo imefanya nini huku chini. Si lazima awe mtu mbaya. Maji tu hayamfikii.

Naanza na maji kwa sababu yametusaidia kuzungumza jambo gumu. Katika kundi la vijana ninalosaidia kuongoza hapa mtaani tuko Wakongomani, Wasomali, Warundi na Waganda wenyeji. Tukigusa ubaguzi wa rangi tunagombana, maana kila mmoja anajua kidonda chake tu. Kilichotutuliza kidogo ni historia ya mahali penyewe tunapokaa. Naiandika hapa kwa ajili ya wenzetu mlioko kambini, na pia kwa nyinyi mnaofanya kazi ya misaada.

Kapteni Lugard alifika mwaka 1890 akajenga ngome kwenye kilima tunachokiita leo Old Kampala. Baadaye serikali ya Waingereza ikahamia Nakasero. Mwaka 1913 Profesa W. J. Simpson, daktari Mwingereza, alitumwa Afrika Mashariki kuangalia afya ya miji. Alishauri Wazungu, Waasia na Waafrika wakae sehemu tofauti, na katikati iachwe ardhi wazi. Sababu iliyotolewa ilikuwa magonjwa. Lakini mpishi na yaya Mwafrika walivuka huo mpaka kila asubuhi, wakapika chakula na kubeba mtoto. Kama ugonjwa ndo ulikuwa sababu, si wangezuiwa wao kwanza?

Hivyo Kampala ikakua kama miji miwili. Kulikuwa na manispaa, yenye barabara nzuri na huduma. Nje yake kulikuwa na Kibuga, mji wa Kabaka upande wa Mengo, ambako Waafrika walijipangia wenyewe. Kisenyi ilikuwa Kibuga, karibu kabisa na maduka ya mjini lakini nje ya mpaka. Miaka ya 1950 watafiti Southall na Gutkind walikuja kuandika kitabu juu ya Kisenyi na Mulago, wakakuta watu wamebanana, wapangaji kutoka kila upande, kila mtu anatafuta riziki. Ukipita leo kati ya mashine za kusaga mahindi na mafundi wa vyuma, utaona mambo hayajabadilika sana. Mengo iliingizwa ndani ya mipaka ya Kampala mwaka 1968, miaka sita baada ya uhuru. Sheria iliondoka, bonde likabaki bonde.

Mimi natoka Bukavu, na sisi wa Bukavu hatuhitaji kuelezwa sana. Wakati wa Wabelgiji, Muhumba na La Botte kule ziwani zilikuwa za Wazungu, Kadutu ilikuwa ya Waafrika. Wachoraji walikuwa wengine, kalamu ni ileile.

Uganda ngazi ilikuwa na vidato vitatu. Baraza la Kutunga Sheria lilikutana mara ya kwanza mwaka 1921 bila Mwafrika hata mmoja. Waafrika wa kwanza waliingia mwaka 1945. Mkulima Mwafrika alilima pamba, lakini viwanda vya kuichambua vilikuwa mikononi mwa Wazungu na Waasia. Ghasia zilipotokea Buganda mwaka 1949, moja ya madai ilikuwa watu waruhusiwe kuchambua pamba yao wenyewe. Sasa fikiria mkulima huyo. Siku ya kuuza, alimwona nani? Alimwona Muhindi kwenye mizani. Gavana alikuwa Entebbe, mbali, na aliyepanga bei na leseni hakuonekana kabisa. Hasira ikamwendea aliye karibu.

Mwaka 1959 kulianza mgomo wa kutonunua katika maduka ya wasio Waafrika, ukiongozwa na Augustine Kamya. Halafu Agosti 1972 Idi Amin akatangaza kwamba Waasia waondoke ndani ya siku 90. Walioondoka walipita 50,000, na wengine wao walikuwa raia wa Uganda ambao karatasi zao zilikataliwa mezani. Jajja mmoja wa hapa mtaani, aliyekuwa msichana wakati huo, alituambia kwamba kwao walishangilia. Baadaye sukari na chumvi vikaadimika, na maduka wakapewa wakubwa na marafiki zao, wale watu waliowaita mafuta mingi. Kisha akasema, "Sisi wa Kisenyi tulibaki kwenye tope letu."

Kuna kipande kingine cha habari hiyo ambacho vijana wengi hawakukijua, na ndicho kinachoeleza vizuri nafuu ya kuzaliwa mweupe. Wengi wa waliofukuzwa walikuwa na pasipoti ya Uingereza. Lakini tangu mwaka 1968 Uingereza ilikuwa na sheria mpya: mwenye pasipoti hiyo aingie bila kizuizi kama yeye, mzazi wake au babu yake alizaliwa au kuwa raia kule. Sheria haikutaja rangi mahali popote. Haikuhitaji. Mzungu wa Afrika Mashariki karibu kila mara alikuwa na babu Mwingereza, Muhindi hakuwa naye. Kitabu kimoja, milango miwili. Mwishowe Uingereza ilipokea karibu watu 28,000, lakini Septemba 1972 halmashauri ya mji wa Leicester ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije kwao. Wengi walikwenda hivyohivyo, wakaujenga.

Watu wakisikia neno nafuu wanadhani ni utajiri. Hapana. Kuna Wazungu maskini. Nafuu ninayoisema ni ule mlango unaofunguka kabla hujagonga, hadi unaanza kuamini kwamba hauna kufuli. Mwenye nafuu haoni kufuli. Anayeliona ni aliyebaki nje, kwa hiyo usipomsikiliza huyo, hutalijua.

Na Muhindi wa kidato cha kati? Alikuwa na nafuu juu ya mkulima, na papohapo alikuwa amefungiwa mlango wa juu. Hapo kundi letu liligawanyika. Wengine walisema, "Walistahili kufukuzwa." Wengine walisema, "Walikuwa wakimbizi kama sisi, yaishe." Mimi naona majibu yote mawili yanaziba masikio. La kwanza halimsikii mtoto aliyefukuzwa nyumbani kwa sababu ya ngozi. La pili halimsikii mkulima aliyepunjwa kwenye mizani. Yote mawili yalitokea, na moja halifuti lingine.

Baadaye jambo hilo likatufika wenyewe. Wenzetu Wasomali walieleza jinsi walivyotazamwa Kisenyi baada ya mabomu ya Julai 2010, yaliyoua zaidi ya watu 70 Kampala. Al-Shabaab walisema ni wao, na kila uso wa Kisomali ukawa mshukiwa. Tuliwasikiliza, tukawaonea uchungu. Halafu kijana mmoja, Msomali pia, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye kwao anaitwa jareer, yaani mwenye nywele ngumu. Mababu zake walichukuliwa utumwani kutoka upande wa Tanzania katika karne ya 19, na hadi leo kuna nyumba ambazo hawezi kwenda kuposa. Mwenzake akamjibu haraka, "Lakini hapa sote ni wakimbizi." Akamwuliza, "Na harusi ya dada yako pia ni ya wakimbizi wote?" Pakawa kimya.

Maneno "sote ni sawa" ni mazuri, lakini yakisemwa mapema yanamnyamazisha aliyeanza kusema. Tangu siku ile tuna desturi mbili. Mtu akieleza alivyobaguliwa, hakuna kumjibu kwa habari yako mwenyewe mpaka uweze kurudia alichosema, na yeye akubali kwamba ndivyo. Pili, hatuulizi "Wewe ni mbaguzi?" maana jibu linajulikana, kila mtu atakataa. Tunauliza, "Mlango gani unafunguka kwako na haufunguki kwake?" Swali hilo hata mwenye haya analijibu.

Sasa niseme na wafanyakazi wa misaada, kwa heshima. Wengi mna moyo mzuri, tunaujua. Lakini hapa mjini Mzungu kijana wa umri wangu akiingia ofisini anapewa kiti, na mama Mkongomani aliyekuja tangu alfajiri bado amesimama mlangoni. Huyo kijana hakuomba kiti. Amekikuta. Tunachoomba si aone aibu mpaka alie, maana akilia sisi tena ndo tutambembeleza. Tunaomba auone mlango, amwingize yule mama, amsikilize mpaka mwisho pamoja na mkalimani, halafu arudi kumwambia nini kimebadilika na nini kimeshindikana.

Na sisi tulioko mtaani na kambini tuna kazi ileile. Katika kila jengo la Kisenyi kuna mtu wa chini zaidi: Mrundi asiyejua Kiganda, jareer, mama anayefua nguo za wengine. Kwake yeye, sisi ndo tuko kilimani. Aulizwe yeye kwanza maji yalifika wapi.