Bei na Thamani

Neno “bei” tumelipata kwa Waarabu, lakini kwao bay' ni mauzo, si kiasi cha fedha. Thaman yao ndiyo bei. Sisi tukaifanya thamani, yaani ubora na uzito wa kitu. Maneno haya yalivuka bahari, yakabadilisha kazi.

Kwa kuwa maana huhama hivyo, Mswahili anayepanga kanuni za bei kwenye programu ya duka, pale eneo la Dubai Investments Park, asiridhike na “bei” tupu. Tangu Januari 1, 2018 Falme za Kiarabu hutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5. Chukua bidhaa ya dirhamu 100 yenye punguzo la dirhamu 10. Ukipunguza kwanza ndipo ukaongeza kodi, mteja hulipa 94.50. Ukianza na kodi, hulipa 95. Filsi 50 (nusu dirhamu) zimetokana na mpangilio tu!

Basi tuandike bei kabla ya kodi, bei baada ya punguzo, bei ya jumla, bei ya rejareja. Maneno tunayo, nawaomba wenzangu wa madukani tuyatumie.