Milango ya Ndege za Eastleigh

Sisi tuliokulia Eastleigh tunaijua Moi Air Base kama kambi ya jeshi, lakini hadi 1958 ndege za abiria za Nairobi zilitua hapo. East African Airways ilianza safari mwaka wa 1946 kwa Dragon Rapide, ndege ndogo za mbao na kitambaa, Dakota zikafuata. Hewa ya ndani ya ndege hizo ilikuwa sawa na ya nje, hivyo kilichozuia mlango angani ni komeo na upepo tu. Wanajeshi wa miavuli waliruka kutoka Dakota mlango ukiwa umeng'olewa kabisa!

Uwanja wa ndege wa Embakasi ulifunguliwa 1958, na 1960 shirika likapata Comet, ndege ya jeti iliyoruka juu zaidi. Huko juu hewa lazima ishindiliwe ndani ili abiria wapumue, nayo huukandamiza mlango kwa nguvu ya tani kadhaa. Hakuna mtu awezaye kuufungua. Watoto wa mtaa wa Umoja wakiniuliza, huwaambia hivyo, na huongeza: karibu na ardhi mambo ni tofauti, kwa kuwa hewa ya ndani hukaribia kuwa sawa na ya nje. Mei 2023, Korea Kusini, abiria aliufungua mlango wa Airbus ikiwa mita 200 hivi juu. Ilitua, na wote walinusurika.